Bustani ya Jikoni na Sanduku la Chama

(Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kwa desturi karani wa Chama husimama mara moja tu kwa mwaka, akasoma hesabu, akajibu maswali, kisha akarudi kitini pake akimshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Mwaka huu Kamati imenitaka niongeze maneno machache ya faida, nami nimechagua kusema habari ya bustani ya mboga nyumbani. Najua wako watakaoshangaa. Mzee mmoja alipopata habari aliniuliza, "Kijana wangu, tangu lini kalamu ikawa jembe?" Nilimjibu kwamba kalamu yenyewe ndiyo iliyonipeleka kwenye jembe, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza.

Wazee walipoliweka sanduku la Chama, waliliweka kwa mambo mawili: ugonjwa na msiba. Baadaye mkutano ulikubali kwamba mwanachama aliye katika dhiki apate kukopeshwa fedha kidogo, arudishe apatapo mshahara. Lilikuwa jambo jema, na mpaka leo ni jema. Walakini mtu akaaye na daftari huona mambo asiyoyaona mwenye kukopa. Nimezifungua kurasa za mwaka mzima, nikaona ya kuwa mikopo haikutawanyika katika mwezi. Imekusanyika kati ya tarehe 20 na siku ya mshahara, kama siafu penye mfupa. Na mahali pa kuandika sababu, neno lililoandikwa mara nyingi si "hospitali", wala si "karo". Ni "chakula".

Wengi wenu mwakumbuka jambo lililotupata mwaka uliopita. Mwanachama mwenzetu alifiwa na mkewe tarehe 27 ya mwezi. Tulipolifungua sanduku, fedha hazikuwamo. Zilikuwa mikononi mwetu sisi wenyewe, nazo zilikuwa zimekwisha kuliwa. Marehemu alikaa katika chumba cha maiti siku 4 zaidi, nasi tukipita mlango kwa mlango tukichangishana. Mwenzetu yule hakutulaumu. Afadhali angalitulaumu.

Usiku ule nililifungua daftari nikatazama majina ya waliokopa kwa ajili ya chakula katika mwezi ule. Jina la tatu lilikuwa langu. Wala sikukopa kwa ajili ya unga, maana unga ulikuwamo ndani. Nilikopa kwa ajili ya kitoweo cha siku 8: sukuma wiki, vitunguu, na dania ya kutia katika maharagwe. Na nyuma ya nyumba yangu palikuwa na kiwanja cha hatua 8 kwa 3, kimejaa kishona nguo na vipande vya chupa. Niliona haya, Bwana Mwenyekiti, nami sitaki kuificha haya ile, kwa kuwa nadhani haikuwa yangu peke yangu.

Basi bustani ya jikoni ni kitu gani? Si shamba. Shamba liko mbali, nasi twaliendea likizoni. Bustani ya jikoni ni kipande cha ardhi kilicho karibu na mlango hata mama aweza kutoka akachuma sufuria ikiwa motoni. Wasomaji wa Maandiko watamkumbuka mfalme Ahabu, aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake, apate kulifanya bustani ya mboga. Dhambi yake ilikuwa kubwa, tena ya damu. Lakini katika jambo moja hakukosea: alijua kwamba bustani ya mboga yafaa iwe karibu na nyumba. Iliyo karibu huonekana kila siku. Mdudu akiingia leo, aonekana leo. Maji yaliyooshea mchele yana mahali pa kwenda. Watoto huilinda pasipo kuambiwa. Nasi, tofauti na Ahabu, hatuna haja ya kumdhulumu mtu. Wengi wetu kiwanja tunacho, ila tumekipa kishona nguo.

Tena sitaki kuwadanganya. Bustani ya jikoni haitoi unga, wala sukari, wala kodi ya nyumba. Atakayewaambia kwamba mtu atatajirika kwa vijishina vya mboga, msimsikilize. Itoayo ni majani na viungo, basi. Lakini fikirini jina tulilowapa majani yale tunayoyala kuliko yote. Sukuma wiki! Ni jina la mtu aliyeishiwa na fedha kabla ya siku kuisha. Ikiwa mboga ile ile ya kusukumia wiki yaota mlangoni, basi fedha kidogo ya siku zile za mwisho haitoki tena, na sanduku la Chama laachwa lingoje kazi yake. Katika nyumba yangu, miezi mitatu ya kwanza ilipokwisha kupita, sikukopa tena kwa ajili ya kitoweo. Sijasema nimekuwa tajiri. Nasema jina langu halimo katika kurasa zile.

Sasa nitawaeleza kosa nililolifanya, kwa sababu lilinifundisha kuliko mafanikio. Mama yangu alikuja kututembelea mwezi wa Julai, akaleta mbegu za mgagani zimefungwa katika kitambaa. Zilikuwa mpya, zimevunwa majuma machache tu nyuma. Jumapili moja, naye akiwa amekwenda kanisani, nilichimba mifereji mizuri iliyonyoka, kama tulivyofundishwa shuleni, nikazifukia chini kama mahindi. Juma la kwanza likapita, la pili, la tatu, hapakuota kitu. Nikasema mezani, mbele ya wote, kwamba mbegu za nyumbani ni mbovu, na kwamba nitanunua za dukani.

Mama akaweka kijiko chini akasema, "Mwanangu, mbegu zile bado zimelala, nawe badala ya kuziacha ziamke umezizika."

Akanieleza mambo mawili ambayo tangu hapo nimeona ni kweli. La kwanza, mbegu ya mgagani iliyovunwa sasa hivi haioti vema. Yataka kukaa miezi kadhaa mahali pakavu ndipo iamke. La pili, mbegu ndogo kama ile yataka kufunikwa kwa udongo mwembamba sana, kiasi cha kufichwa tu. Alikuwa amebakiza nusu ya mbegu katika kitambaa chake. Akazitia katika mkebe pamoja na majivu, akauweka juu ya kabati. Mvua za vuli zilipoanza mwezi wa Oktoba, mke wangu alizichanganya na mchanga mkavu, akazinyunyiza juu ya udongo, akapitisha tawi la mti kuzifunika. Zikaota.

Jambo lililonichoma moyo ni hili. Mama yangu alikuwa ameketi katika nyumba yangu majuma matatu, kila mtu akimwambia apumzike. Hakuna aliyemwuliza neno lolote ila kama amekula. Wangapi miongoni mwetu twawaleta wazazi wetu mjini, tukawaketisha mbele ya televisheni, na huku wamebeba vichwani mwao elimu tunayoihitaji? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia kumfukuza mgeni. Lakini mama mzee ukimpa jembe, hufukuzi mtu. Wamrudishia heshima yake.

Haidhuru niseme kidogo juu ya mboga zetu za asili, kwa maana nasi tuliosoma tuna deni kwazo. Tulipokuwa shuleni tulipanda kabichi na karoti kwa mistari. Mnavu ulipoota katikati ya mistari tuliung'oa, tukauita magugu. Na hapa ukumbini leo kila mzee ana jina la jani lile lile: kwa Wakikuyu ni managu, kwa Waluo ni osuga, kwa Wakisii ni rinagu, kwa Waluhya ni lisutsa. Mgagani nao Waluo wauita dek, na Wakisii chinsaga, na Waluhya tsisaka. Kitu kilichopewa majina mengi namna hii hakiwezi kuwa magugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, amezichunguza mboga hizi kwa miaka mingi, na wataalamu wamethibitisha kwamba mchicha, mnavu, mgagani na majani ya kunde yana madini ya chuma, madini ya chokaa na vitamini A kwa wingi kuliko kabichi. Tena bibi zetu waliotia maziwa au mafuta kidogo katika mboga chungu hawakufanya hivyo kwa ajili ya ladha tu, hata kama hawakulijua neno vitamini; maana vitamini A ya majani huingia mwilini vema zaidi ikiandamana na mafuta.

Nitayataja sasa mambo ya kazi yenyewe kwa ufupi, ili atakayekwenda na kijitabu hiki nyumbani apate pa kuanzia.

Kwanza, mahali na udongo. Chagua mahali panapopata jua walau nusu ya mchana. Okota vigae na karatasi za plastiki, lima kwa kina cha urefu wa kiganja na zaidi, kisha changanya samadi iliyooza vema. Samadi iliyooza huijua kwa mkono na pua: imepoa, na harufu yake ni ya udongo wa msituni. Iliyo moto bado itaunguza mizizi. Asiye na ng'ombe wala kuku na afukie maganda ya jikoni na majani makavu katika shimo, ageuze mara kwa mara, naye baada ya miezi michache atapata mboji.

Pili, sukuma wiki. Mbegu zake huanzia kitaluni, chini ya kivuli chepesi cha nyasi. Baada ya majuma 4 hadi 6 miche hung'olewa jioni, si mchana wa jua, ikapandwa sentimita 45 mche hata mche, na 60 mstari hata mstari. Chuma majani ya chini, uache ya juu na moyo wake. Ukiwa na pupa ukavua shina lote, umekula mtaji. Mara yangu ya kwanza nilipanda miche 40 kwa kuisonganisha, ikafa 11, na iliyobaki ikawa myembamba kama njiti. Sasa napanda 30 tu, nayo hutosha nyumba ya watu 6 kwa kupokezana na mboga nyingine.

Tatu, hizo nyingine. Mchicha huwa tayari kwa muda wa majuma 3 au 4. Kwa hiyo usizipande mbegu zote siku moja, bali sehemu ndogo kila baada ya majuma mawili, usije ukawa na mboga ya kugawa leo na kesho huna. Kunde zapenda joto. Hazitaki baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai. Lakini zikistawi hurutubisha udongo, na ni vema sukuma wiki ifuate mahali zilipotoka. Mnavu ukikatwa kilele chake hutoa matawi mengi. Ila watoto waonywe wasile matunda yake mabichi ya kijani, maana yana sumu. Mgagani nao hutaka kuondolewa maua kila yatokeapo, ndipo uendelee kutoa majani. Acha miche miwili au mitatu iliyo bora itoe maua na mbegu, na vikonyo vyake uvichume vinapogeuka rangi ya manjano, kabla havijapasuka.

Nne, viungo, ambavyo watu wengi huviona ni anasa. Sivyo. Maharagwe yale yale yaliyowachosha watoto siku ya Jumatatu huliwa kwa furaha siku ya Jumatano yakitiwa dania na majani ya kitunguu. Mbegu ya dania ina mbegu mbili ndani ya ganda moja. Isugue kwanza kati ya viganja igawanyike, ndipo uipande. Nana ipandwe ndani ya debe, kwa kuwa ikiachwa huru itaitawala bustani yote. Mchaichai upandwe ukingoni, kwani hushika udongo usichukuliwe na mvua, nao hutupa chai siku ambayo majani ya chai yamekwisha. Pilipili mche mmoja au miwili watosha nyumba nzima. Wengine hupanda pia mimea ya dawa. Sina ugomvi nao, mradi mtoto mwenye homa apelekwe hospitali, na mchaichai abaki katika chai.

Tano, wadudu. Adui mkubwa wa sukuma wiki ni vidukari, wale wadogo wa rangi ya kijivu wakaao upande wa chini wa jani. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole. Jani lililojaa litupe mbali. Kisha nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, au pukuta majivu majani yakiwa na umande. Dawa kali za dukani, kwa kiwanja cha hatua 8, ni kama kumwua nzi kwa bunduki. Atakayezitumia hapana budi asome karatasi yake, asichume mpaka siku zilizoandikwa zimekwisha kupita.

Asiye na kiwanja kabisa asikate tamaa. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, shirika la Solidarités la Ufaransa liliwasaidia watu wa Kibera kupanda mboga ndani ya magunia, na magunia yale yameonekana mahali pengi tangu wakati huo. Kazi yake ni nyepesi. Simamisha gunia, weka katikati mkebe uliotolewa kitako, ujaze mkebe mawe madogo, na kando yake udongo uliochanganywa na samadi. Kisha uvute mkebe juu kidogo, ujaze tena, hata gunia lijae na nguzo ya mawe ibaki katikati. Maji hupita katika mawe yakafika chini. Toboa matundu ubavuni, kila tundu mche mmoja, na juu upande mingine. Gunia hukauka upesi kuliko ardhi. Lataka maji asubuhi na jioni siku za jua.

Bwana Mwenyekiti, kuna maonyo mawili nisiyoweza kuyaacha. La kwanza ni maji. Maji yaliyosuuza vyombo au kuosha nafaka yafaa kumwagwa chini ya mmea. Lakini maji ya mfereji wa taka au ya bomba la choo lililopasuka hayafai kabisa, hata kama mboga za pale zinameremeta kuliko zote. Kipindupindu na homa ya matumbo hazina habari na kumeremeta. La pili ni udongo. Msipande kando ya barabara kuu, wala mahali palipotengenezwa betri za magari. Kenya iliacha kutumia petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyokwisha kuanguka udongoni hukaa, na yadhuru akili za watoto. Mwenye shaka juu ya udongo wake na atumie gunia lenye udongo uliotoka mahali safi.

Wazee wetu wataniuliza juu ya sheria, kwa kuwa wengi wanakumbuka siku ambazo askari wa jiji walikuwa wakifyeka mahindi ya watu. Kupanda katika ardhi isiyo yako bila ruhusa ni kosa hata leo. Lakini kilimo cha mjini chenyewe si jambo la kujificha; Kaunti ya Nairobi ilikitungia sheria yake mwaka 2015 ya kukiendeleza na kukiongoza. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yataja haki ya kila mtu ya kutokuwa na njaa. Na juu ya mbegu, mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya sheria vilivyomzuia mkulima kugawana na kuuza mbegu zake za asili vilikuwa kinyume cha Katiba. Basi mama anayempa jirani kijiko cha mbegu za mnavu asione kwamba anatenda jambo la giza.

Nimewasikia wanachama wakitoa udhuru, nami nataka kuujibu kwa heshima. Mmoja alisema mwenye nyumba hatakubali. Tumwombe, wa kwangu alikubali siku ile ile, akataka tu nisilime karibu na msingi wa ukuta, naye sasa hupata fungu lake la mchicha. Mwingine alisema mboga zitaibwa. Ni kweli, zangu ziliibwa mara mbili. Lakini aibaye sukuma wiki usiku mara nyingi ni mwenye njaa kama sisi tarehe 25, na dawa yake ni kumpa miche. Wa tatu alisema hana wakati. Mimi hutumia muda mfupi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na saa mbili siku ya Jumamosi. Wa nne, naye ni mwanamume mwenzangu, alisema kuchuma mboga ni kazi ya wanawake. Nilimjibu hivi: ikiwa mwanamume aweza kukopa fedha kwa ajili ya mboga, basi aweza pia kuipanda.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ufikirie mambo matatu.

La kwanza, Chama kiwe na sanduku la pili, la mbegu, nalo lisishikwe na karani wala na mweka hazina, bali na akina mama wazee watakaochaguliwa leo. Achukuaye kijiko kimoja na arudishe viwili baada ya mavuno. Riba ya namna hiyo hakuna atakayeilalamikia.

La pili, kando ya ukumbi huu pawe na kitalu kimoja cha sukuma wiki, tukilinde kwa zamu, na miche ya kwanza ipewe wajane na wagonjwa. Wasio na nguvu za kulima tuwalimie.

La tatu, theluthi moja ya fedha za sanduku la Chama isiguswe kwa mkopo wowote, ingojee ugonjwa na msiba kama wazee walivyokusudia. Wala sisemi mwenye njaa afukuzwe mlangoni. Mwanachama akija kukopa kwa ajili ya chakula, apewe kadiri ilivyo desturi. Lakini kabla ya juma kwisha wanachama wawili wamtembelee nyumbani wakiwa na jembe, mbegu na maneno mema.

Kabla sijaketi nina neno moja zaidi, nami nimeomba ruhusa ya mwenyewe kulisema. Mwenzetu yule aliyefiwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kwangu kuomba miche. Nilimpa 12, na mbegu za mgagani kidogo, kwa sababu aliniambia marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akiipika mboga hiyo, na watoto wanaiulizia. Alipokuwa akiondoka alisema, "Karani, hii nayo utaiandika katika daftari?" Nikamwambia hapana, hii si mkopo. Juzi amenirudishia mbegu, kijiko viwili vimefungwa katika karatasi. Nimekuja navyo hapa. Mkikubali, ndivyo vitakavyokuwa vya kwanza kuingia katika sanduku la akina mama.

Bwana Mwenyekiti, naomba nikomee hapa. Nimewachosha kwa maneno. Mungu akipenda mwakani tujibizane kwa mboga.